Hewa Aliyoihesabu Mwalimu

Mwanangu Waitara alitangazwa marehemu kwa hesabu. Mwili hakuna aliyeuona.

Wajukuu mnisamehe, shule yangu ni ya msingi tu, naandika polepole. Ila siku ile naikumbuka hadi rangi ya udongo.

Ilikuwa miaka ya tisini, Nyamwaga, dhahabu imewatoa watu mashambani. Asubuhi duara, yaani shimo la dhahabu, la Waitara na mwenzake Kisyeri likaporomoka. Kisyeri alikuwa juu anavuta kamba.

Waitara alikuwa chini.

Tukachimba. Udongo ukarudi. Tukachimba tena.

Mchana akaja Mwalimu Anselm, mtu wa Bukoba, mfundisha hesabu. Akapima kamba ya kushukia, akageuza karai, akachora juu yake shimo kwa mkaa. Urefu, upana, pumzi za mtu mmoja.

"Lina njia nyingine?"

"Halina, Mwalimu," Kisyeri akajibu, macho chini.

Mwalimu akanigeukia. "Pole mama. Hewa imeisha zamani. Tusije tukazika na wachimbaji."

Sepetu zikalala, moja moja.

Mimi nikaendelea kwa mikono. Kucha zinang'oka.

Kisyeri akapiga magoti kando yangu. "Mama… kuna tundu huko chini. Limetokea kwa Magige. Tunamwibia mawe ya dhahabu."

Nilitaka kumzaba kofi. Sikuwa na muda.

Magige, jirani, alikaa juu ya duara lake, kalifunika kwa magogo, panga mapajani. Wiki nzima analia kuibiwa.

Nikamwangukia miguuni. "Baba, fungua. Mwizi wako yumo humo."

"Kumbe ni ninyi!"

"Ni sisi. Mpige panga akitoka. Ila atoke kwanza, mura!"

Akanitazama. Akasukuma magogo, akashuka.

Waitara akavutwa juu, mweupe kwa vumbi, mguu umepondeka, anakohoa.

Anakohoa jamani!

Mwalimu akalitazama karai lake. "Mbona hesabu ni sahihi?"

Ilikuwa sahihi. Kwa shimo tulilomwambia.

Jioni, namkanda mguu, Waitara akaninong'oneza: "Mama, Magige alishuka bila taa. Kona zote anazijua. Hakupapasa hata ukuta."

Nikaacha kukanda.

Kumbe naye alikuwa akipita tundu lilelile kuja kutuibia sisi! Alisikia mwanangu akihesabiwa maiti, akanyamaza na panga lake.

Hakuna aliyemshtaki mwenzake.

Wajukuu, mkipigiwa hesabu, ulizeni kwanza nani kaficha nini. Karai huchora shimo linalosemwa. Mtu hupumua kwenye shimo lililopo.