Jabari Kalala Ubavu

Mzee Shomari alikuwa haongei na mtu mpaka mteja aje, na mteja haji kila siku. Kiwanja chake kipo Chamazi, pembeni ya barabara ya vumbi. Humo yamepangwa mawe kumi na moja, makubwa kupita mtu, yamechongwa mabega na migongo, na hakuna hata moja lenye jina. Jiwe lisilo na jina haliuziki. Wanaojenga Mbweni hawakodi lori wabebe jiwe tu. Wanataka kumwonyesha mgeni getini kwamba nyota hizi zilizotobolewa ndizo Jabari, na zile pale Kilimia. Mzee alikuwa na patasi, alikuwa na grinda. Alichokosa ni mtu wa kuyapa majina.

Majina yalikuwa kazi ya mkewe, Zubeda. Shomari alitoka Newala akichonga mpingo. Mpingo ulipoadimika akahamia kwenye mawe. Kukata anajua, kuuza anajua, ila mambo ya angani hakuyajua kabisa. Zubeda alikulia Kilwa kwa babu aliyetazama nyota ili ajue siku za kupanda mbegu. Jiwe likikaribia kwisha, mama yule alitoka nje baada ya magharibi, akatazama juu, akachukua chaki na kuweka vitone mgongoni mwa jiwe, kama nyota zilivyokaa. Kesho yake Shomari akatoboa palepale. Miaka kumi na minane walifanya hivyo. Zubeda alifariki mwaka juzi, na tangu hapo mzee akishaswali magharibi hujifungia ndani.

Ndipo akaja Ansbert, mtu wa bima mwenye nyumba mpya Mbweni, akitaka jiwe la Jabari, lile kundi la nyota lenye umbo la mtu, lisimame getini kwake. Shomari hakusema kwamba hajui. Aliingia kwenye simu, akapata picha: mtu wima, mkanda wa nyota tatu kiunoni. Akaitoboa vilevile ilivyo kwenye jiwe jipya, la kumi na mbili. Kazi ya wiki sita.

Siku ya kulikagua, Ansbert alikuja na mkewe, Kokuberwa, mwalimu wa jiografia huko Kimara.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Karibuni.”

Mwalimu akalizunguka jiwe mara mbili, akatabasamu. “Mzee, huyu umemwona wapi amesimama?”

“Si huko juu angani.”

“Juu ya wapi? Huko Ulaya ndiyo anasimama. Hapa kwetu, Januari hii, saa mbili tazama mashariki: anapanda kalala ubavu, kichwa kaskazini. Mie nawaonyeshaga wanafunzi.”

Shomari akalitazama jiwe. Miaka yote ile Zubeda alipotazama juu, yeye alikuwa anatazama chaki.

Ansbert akaona upenyo. “Basi tushushe bei, mzee. La sivyo nakuachia, likae na wenzake.”

“Bei ya kosa haipo, maana kosa halipo,” Shomari akamjibu. “Jabari wa hapa analala, na hili litalala. Nipe siku tatu nisawazishe ubavu wa chini.”

“Mzee una maneno wewe,” Kokuberwa akasema. “Kumbe juu hutazami. Nyota alikuwa anakutajia nani?”

“Mke wangu.”

“Si umuulize, basi?”

“Marehemu, mwalimu.”

“Oh. Pole sana, mzee.”

“Nishapoa.”

Kisha akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya katika biashara yake: akashusha bei mwenyewe. “Natoa laki tatu. Ila mwalimu aje hapa Jumamosi moja moja, jioni, anipangie nyota kwenye haya mengine. Chai ipo.”

Ansbert akanyoosha mkono upesi, mzee asije akaghairi. Wakashikana.

“Jumamosi nina twisheni,” Kokuberwa akasema, akifungua mlango wa gari. “Lakini nipe namba yako, mzee. Nitakurushia picha za nyota zote WhatsApp, zilivyo huku kwetu. Jumatatu unazo.”

Angeweza kusema kwamba makubaliano yalikuwa mwalimu aje mwenyewe, wakae na chai, watazame juu. Lakini mkono ulishatolewa, na kibiashara hakuwa amepunjwa: mawe kumi na moja yatapata majina, yataondoka. Akaitaja namba, tarakimu moja moja, mwalimu akaiandika.

Gari lilipokwenda akawasha grinda, akaanza kusawazisha ubavu wa Jabari, na kelele zake zikajaa kiwanja kizima mpaka umeme ulipokatika.