Mustari kwenye muguu ya Feza

Bandugu, mucheke, nimekubali. Mimi ninafagia kwenye dispanseri yetu ya Hewa Bora, na ninaota kuwa enfirmiye, muuguzi kabisa. Juzi sitwayeni mumoja, ndiyo mwananchi, mufanyakazi wa mugodi, alileta mutoto wake Feza. Mustari mwekundu wa vipele ulishuka kutoka paja mpaka kisigino. Roho ikaniuma.

"Sitwayeni, mutoto mudogo hivi unamuchapa na mukaba ya suruali?" nikamuuliza.

"Mama, siyamupiga hata siku moja," akajibu bila kukasirika.

Bamama bote wenye kungojea dawa bakamurukia kwa maneno. Mumoja akasimama kuenda kuita jandarma, polisi wetu.

Ndipo Mama Ngoie, enfirmiye wetu, akapitisha kidole kwenye mustari. Kidole cha yule mama, nakwambia, kinasoma ngozi!

"Ikala chini, mama. Hii iko likeni ya batoto, ugonjwa wa ngozi tu, hapana fimbo. Vipele viko bapa, havina maji kama vya zona, ule ugonjwa wa malengelenge. Kwa muntu mukubwa ugonjwa wa kufanana na huu unawasha, unarudiarudia. Ya Feza itaisha yenyewe."

Mimi kichwa ngumu: "Na mukaba yake?"

Sitwayeni akainua shati polepole. Suruali yake ilifungwa na kamba ya mufuko wa unga.