Somo la Kupanda, Mugunga

Kusoma kilimo Goma ni kichekesho, kwa kuwa mji wetu umekaa juu ya mawe ya volkeno. Udongo wa mazoezi tuliununua kwa magunia kutoka njia ya Sake. Wanafunzi wa vyuo vingine walituita wakulima wa mawe, nasi tukacheka nao, tungefanya nini.

Baba alikuwa mfugaji wa Masisi. Kila mwaka aliuza ng'ombe ili alipe minerval, yaani karo yangu. Majirani walimtania: binti huleta ng'ombe nyumbani siku ya mahari, wako anawamaliza. Yeye alijibu kwamba nitarudi kumfundisha kulima. Mwaka wa pili volkeno ikateketeza chuo chetu, na mkurugenzi akatudai pesa upya ili ajenge madarasa ya mbao. Baba akauza tena. Niliona haya kuzipokea, lakini nilizipokea.

Diploma nikaipata. Mwenzangu mmoja aliishia kubeba abiria kwa pikipiki, mwingine kuuza makala, yaani mkaa, mtaani Majengo. Mimi nilizunguka na karatasi yangu ofisi hadi ofisi, hadi waasi walipowafukuza watu vijijini wakajaa kambi ya Mugunga, ndipo shirika moja likanipa mkataba wa miezi mitatu. Vita ndivyo vilivyoniajiri, na hilo linaniuma mpaka leo.

Kazi ilikuwa kuwagawia wakimbizi mbegu za maharagwe na kuwafundisha namna ya kuzipanda. Asubuhi moja nikawakuta baba na mama wamekaa mstari wa mbele. Walikuwa wamefika jana yake kwa miguu. Kilima chetu kilishachukuliwa na waasi, pamoja na ng'ombe waliobaki. Nikaanza somo. Mtu mmoja akauliza mbegu hizo tutazipanda wapi, juu ya mawe haya? Watu wakaangua kicheko.

Baba akasimama, akavua kofia. Ng'ombe ndio waliokuwa kazi yake, lakini maharagwe alikuwa akiyapanda tangu kabla sijazaliwa.

"Agronome," akaniita mbele ya wote kwa cheo cha mtaalamu wa kilimo, "kati ya mustari na mustari, tuache nafasi gani?"

"Santimetre makumi ine, papa."

Akawageukia wenzake. "Mumesikia? Mutoto wangu alisoma hii."

Hakuna aliyecheka tena. Baba akapokea mbegu zake kama wengine, akanishukuru kwa mikono miwili. Jioni mama akaziosha, akazipika, akanipakulia na mimi.