Mkono Pekee Uliobaki Kahawia

Jiwe likimpata mtu kichwani halitoi mlio mkubwa. Linatoa mlio wa boga lililoanguka sakafuni. Najua kwa sababu niliusikia kwenye kichwa cha jirani yangu wa dawati, Jumamosi mchana, kando ya reli pale mtaani kwetu Laini Saba.

Wiki hiyo ilikuwa zamu yangu kusoma habari za sayansi kwenye paredi ya shule. Mwalimu wa Kemia alinipa kazi hiyo akidhani itaninyamazisha. Jumatatu nikawaeleza kwamba wanafizikia siku hizi wanatengeneza mmweko wa mwanga mfupi mno, hata elektroni ikikimbia wanaiona. Kwa hivyo hata kofi la naibu wa mwalimu mkuu sasa litaonekana likitoka. Jumatano ikawa kemia: kuna vitu vyenye vitundu vidogo ajabu vinavyonyonya maji kutoka kwa hewa ya jangwani. Nikasema wauza maji wa mtaani kwetu wameanza kufunga na kuomba. Ijumaa, biolojia: watafiti wanafyonza hewa kwa pampu, wanaichuja, wanapata DNA ya wanyama waliopita hapo.

“Kwa hivyo aliyejamba paredi ajitokeze mapema,” nikamalizia, “kabla hatujaleta pampu.”

Adhabu ilikuwa kufagia maabara. Huko ndiko kichupa cha ayodini, ile dawa ya kahawia ya vidonda, kilikonirukia mfukoni.

Jirani yangu wa dawati ndiye aliyecheka kuliko wote. Ni mkimya, mwembamba kama waya wa kuanikia nguo. Kila Jumamosi mchana hukaa mbele ya karakana ya fundi wa kuchomelea vyuma, akitazama cheche. Watu walidhani anapenda kazi. Mimi nilijua kwao mchana hakupikwi, na hakutaka mtu amwone akikosa kula. Sikuwahi kumwambia kwamba najua.

Jumamosi hiyo grainda ya fundi ilipotea, ile mashine ya kukatia vyuma. Fundi akatoka na kipande cha bomba mkononi.

“Nani alikuwa hapa?”

Mama wa chapati wa ng'ambo ya njia akanyoosha mwiko. “Si huyo kijana? Kila siku anakodolea vitu za watu macho.”

Kesi iliishia hapo. Likaja kofi, kisha bomba kwenye goti, kisha watu ambao hata grainda hawaijui. Nilipotokea kwenye kona, rafiki yangu alikuwa chini, jino lake limenata kwenye shati, jicho moja limefumba. Jamaa mmoja alikuwa na jiwe mkono huu na chapati mkono ule. Akarusha jiwe, akauma chapati. Damu ikaruka hadi kwenye kiatu changu. Nyuma yao mtu alikuwa anabingirisha tairi.

Miguu yangu ilitaka kukimbia. Mdomo ukaitangulia.

“Ngojeni! Mtachoma ushahidi!”

Mwenye tairi akasimama. Fundi akanigeukia. “Na wewe ni nani?”

“Ni yule mtoto wa mathe anayeuza sukuma wiki,” akasema mama wa chapati. “Yule wa mdomo.”

“Buda, nisikize,” nikamwambia fundi, huku nikitoa kichupa. “Sayansi ya siku hizi inatoa DNA hata kwa hewa. Hii dawa ikigusa mkono ulioshika hiyo mashine leo, inageuka nyeusi. Ikibaki kahawia, mkono ni safi.”

“Na ikigeuka?”

“Mchomeni.”

Nililitamka hilo neno huku nikifungua kifuniko. Dawa ile haijui mwizi. Inajua wanga tu: chapati, ugali, viazi. Nilikuwa nimeweka maisha ya rafiki yangu juu ya njaa yake.

Wakamwinua kwa kola. Nikamwagia vidole matone. Akanitazama kwa jicho lililobaki wazi. Tukangoja.

Kahawia.

“Hiyo dawa imeoza!” akafoka mwenye tairi.

“Basi tujaribu mwingine.” Nikaushika mkono wa yule jamaa wa chapati kabla hajajua. Vidole vikawa vyeusi kama ametoka kuchota makaa. Mama wa chapati, mwenye unga hadi kwenye viwiko, akaruka nyuma, lakini tone lilishamfikia. “Aki mimi nimefanya nini!” Nyeusi. Fundi, ambaye alikuwa ametoka tu kula ugali, kucha zake zote nyeusi.

“Fundi, kumbe umejiibia?” mtu akauliza kutoka nyuma.

Wachache wakacheka. Wengine walikuwa bado na mawe, na mawe yanataka mtu. “Kumbe ni wewe!” Mwenye tairi akamrukia jamaa wa chapati, wakaanguka juu ya jiko la chapati, mafuta ya moto yakamwagika, mtu akapiga yowe la kuungua. Nikamkamata rafiki yangu kwapani, nikamburuta. Fundi akanifikia. Ngumi yake ilinipata chini ya jicho na nikaiona elektroni kwa macho yangu, bila kifaa chochote.

“Mimi mwizi? Kwa karakana yangu?”

Tukakimbia, rafiki yangu kwa mguu mmoja.

Jioni grainda ilirudi kwa bodaboda kutoka Kawangware. Ndugu yake fundi alikuwa ameenda nayo kutengeneza geti la mtu. Akauliza damu ya nini mlangoni.

“Ya mwizi,” wakamwambia.

“Aliiba nini?”

Fundi akachukua ndoo, akaanza kuosha mlango.

Rafiki yangu alishonwa kichwa kwenye kliniki, kisha nikampeleka kwetu. Mathe wangu akamlowekea chapati kwenye chai, maana kutafuna hakuwezi. Alikula kwa haraka, kisha akajikumbuka, akaanza kula polepole.

“Hiyo DNA ya hewa, ni uongo wako?” akaniuliza.

“Hiyo ni kweli kabisa. Uongo ni wa chupa.”

“Na ulijuaje yangu haitageuka?”

Nilitafuta mzaha. Kwa mara ya kwanza nikaukosa. Akalitazama bakuli, akanitazama, akaelewa. Kisha akalisukuma bakuli kwa mathe aongezewe.

Mdomo wake ulikuwa bado unavuja. Nikaupangusa kwa ayodini iliyobaki. Akaruka kwa kuwashwa. Midomo yote ikageuka myeusi tititi.

“Haya,” nikamwambia. “Sasa na wewe ni mwizi.”

Akacheka, na kidonda kikapasuka tena.