Boga Lenye Sura ya Mwenye Nyumba

Nilichora sura ya baba mwenye nyumba kwenye boga la mama. Nilitumia bikari ya hesabu, na ndiyo mara pekee bikari ile imewahi kunisaidia. Boga lilikuwa changa, saizi ya ngumi. Sikujua kwamba kovu la boga hukua na boga lenyewe. Kila nikitazama, pua imenenepa. Lilipofikia saizi ya kichwa, hadi pengo la meno lilionekana. Wapangaji wenzetu hapa mtaani Pasua wakipita kwenda chooni waliliamkia: "Shikamoo baba, choo utazibua lini?"

Mama hakucheka. Mmea ule, uliopandwa kwenye ndoo ya rangi ukatambaa hadi juu ya bati la choo, ndio uliokuwa urithi wake. Bibi alipofariki, kihamba, yaani shamba la ukoo kule mlimani, alikichukua mjomba. Mwanamke, walisema, ana shamba kwa mumewe. Huyo mume mpaka leo sijamwona. Mjomba aling'oa maboga ya bibi yote, akapanda parachichi za kuuza. Mama aliondoka na mbegu kiganjani. Nyingi zililiwa na panya wa nyumba ya kupanga, ikaota moja tu, nayo ikazaa boga moja.

"Hili haliliwi," alisema. "Likomae, nipate mbegu."

Halafu baba mwenye nyumba akaja kukagua choo. Yeye na boga wakatazamana.

"Huyu nani?"

"Boga, baba. Shikamoo," nikajibu.

Mpangaji wa chumba cha mwisho akashindwa kujizuia, akaangua kicheko. Kicheko kile ndicho kilichotumaliza.

"Nimewapangisha chumba," baba mwenye nyumba akasema, "sijawapangisha bati!" Akachukua panga, akakata mmea shinani, akauvuta. Boga likabingirika, likadondoka chini, puu.

Mama aliporudi kutoka sokoni alilipasua hapo hapo mlangoni. Ndani lilikuwa bado jeupe. Akawa anazibonyeza mbegu kwa kidole, moja baada ya nyingine. Maganda matupu. Nilikuwa na utani mdomoni, nikaumeza.

Akafuta kisu kwenye kanga, akasema: "Mjomba wako alininyang'anya shamba huku amenuna. Wewe umenimalizia mbegu huku unacheka. Leta sufuria, tulipike."