Sampuli za Shemeji

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, anakaa chumba changu cha uani mwaka wa kumi na tisa sasa, na alikuja kwa wiki mbili. Sisemi kwa ubaya. Nasema ili ijulikane kwamba haya sikuhadithiwa. Mengine nimeyaona, mengine nimeyafua kwa mikono yangu.

Mtu huyu hajawahi kufanya kazi nyingine zaidi ya kutega sungura. Kiwanda cha matofali kilimwajiri, akadumu siku kumi na moja, akarudi kunionyesha viganja. "Shemeji, mkono wa mwindaji haushiki tofali. Unapoteza hisia." Nikamuuliza hisia gani, maana sungura ananaswa na waya, na yeye wakati huo yuko kitandani anakoroma. Akavaa koti lake la kijani lenye mifuko sita, akaenda zake machakani nyuma ya kiwanda, ambako ana kibali cha kutega.

Haki yake nampa. Miaka yote hiyo sufuria yangu haikukosa nyama. Mara mbili au tatu kwa wiki analeta sungura pori, mimi namchuna, nampika taratibu na vitunguu mpaka mfupa unaachia. Yeye anakula huku akinisimulia walivyopambana, utadhani kaua faru.

Basi mwaka juzi ofisi ya wanyama ikataka kujua sungura wamebaki wangapi. Akaja afisa, binti mpole mwenye miwani, nikamkalisha kwenye kiti kizuri. Akatueleza kwamba sungura mwenyewe hahesabiki, hasimami foleni, kwa hiyo wao wanahesabu mavi yake. Wakapigilia vigingi ishirini machakani. Unafunga kamba kwenye kigingi, unazunguka nayo, mavi yote yaliyo ndani ya duara unayahesabu, kisha unayafagia nje. Baada ya siku saba unarudi kuhesabu mapya. Hesabu ya kila kigingi na jumla yake unajaza kwenye fomu, wao huko ofisini wanazidisha na kuzidisha mpaka wanapata sungura.

"Jumla ikishuka chini ya mia mbili," afisa akasema, "uwindaji tunaufunga miaka mitatu. Sasa tunatafuta mtu wa kuhesabu, anayelijua eneo."

Na kazi ya kuhesabu sungura akapewa nani? Huyo huyo anayewala.

Akapewa kizibao cha njano na ufagio mdogo. Kichwa kikamvimba. Neno mavi likapigwa marufuku nyumbani kwangu, nyumba niliyoijenga mimi na kaka yake.

"Shemeji, zinaitwa sampuli."

"Na sungura anayezitoa anaitwaje, mkurugenzi?"

"Wewe cheka tu. Hii ni sayansi."

Sayansi ilianza na mia tatu na arobaini. Ikaja mia tatu kasoro, ikaja mia mbili na thelathini. Mitego yake haikupumzika hata wiki moja. Mchana mmoja akarudi, akakaa jikoni juu ya ndoo iliyopinduliwa, kizibao bado kiko mwilini.

"Sungura wamehama," akasema.

"Wamehamia wapi?"

"Sijui. Leo sampuli mia na arobaini tu."

"Mimi najua. Nusu wamehamia tumboni mwako, nusu tumboni mwangu. Pumzisha mitego miezi michache, watazaliana. Sungura hafundishwi kuzaa."

"Nikiacha kutega nitakuwa nani?"

Jibu nilikuwa nalo, tena zuri, lakini nikalimeza. Macho yake hayakuwa ya utani. Mzee wa miaka sitini na mbili, kitu kingine hajui, halafu umfungie miaka mitatu. Angekaa uani kwangu kama kiti kibovu, na yeye alilijua hilo kuliko mimi.

Fomu ya siku ile ilisema mia mbili na kumi.

Jumamosi nikachukua lile koti la kijani nilifue. Nikatia mkono mfukoni, nikakuta kitu kama kunde kavu. Nikachota kiganja kizima, na kidogo tu nizimimine kwenye bakuli la kunde.

"Shemeji," nikamwita, "hizi sampuli zinatafuta nini humu?"

"Nimezifagia kutoka duara la tatu. Nazipeleka la nne."

"Kwa hiyo sungura kanya mara moja, wewe unamhesabu mara mbili."

"Mara nne," akasema kwa sauti ndogo.

Lakini mavi ya sungura ni majani matupu. Ukiyabeba beba yanavunjika, yanakuwa unga. Yalipomwishia akahamia kwenye banda la mbuzi la jirani, muuza maziwa. Nikamwambia hata kipofu atajua. Ya sungura ni ya duara, makavu, rangi ya nyasi. Ya mbuzi ni meusi, yanang'aa, yamechongoka upande mmoja.

"Ofisini hawaji kuangalia," akasema. "Wanapokea namba. Ila mimi siandiki nisichokihesabu."

Na kwa kuwa alikuwa na hofu, akatia chumvi. Leo mfuko mmoja, kesho miwili, mwisho yote sita. Fomu zikapanda mia tano, mia tisa, elfu moja na zaidi. Akawa anapiga mluzi.

Ndipo barua ikaja. Shemeji alikuwa uani ananyoa ndevu, nikamsomea polepole kwa kidole. Kwamba sungura wamefika elfu sita. Kwamba wamekuwa tishio kwa mashamba. Kwamba uwindaji unafunguliwa mwezi mzima kwa kila mtu, bila kibali, mbwa ruksa, nyavu ruksa.

Akashusha wembe. Upande wa pili wa ndevu ulibaki vilevile mpaka jioni.

"Waliniambia ikishuka," akasema. "Hawakuniambia ikipanda."

"Ulikuwa na haraka ya kuvaa kizibao, hukuuliza. Sasa sikiliza. Ukisema kweli, watachukua kizibao na kibali. Ukinyamaza, wenye mbwa watamaliza hata hao wachache."

"Nitasema."

Namjua. Nikavaa viatu, nikaenda naye.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja, mafaili yamepanda hadi dirishani, feni inapepea karatasi badala ya watu. Ukutani palikuwa na ramani, na machaka yetu yamepakwa rangi nyekundu. Afisa akasimama alipomwona.

"Mzee wetu, karibu. Umeongoza maeneo yote." Akatoa kofia mpya yenye picha ya sungura.

Shemeji akafungua mdomo. Akaitazama kofia. Akaivaa.

"Nashukuru," akasema.

Nikaona haya kwa niaba yake. "Mwanangu," nikamwambia afisa, "hayo yote ni mavi ya mbuzi wa muuza maziwa."

Shemeji akakohoa. Afisa akacheka vizuri, akanishika mkono. "Mama, una utani sana. Na hata hivyo takwimu zimeshasainiwa huko juu."

"Huko juu yupo anayeyajua mavi?"

"Sampuli hawazioni, mama. Wanaona jumla."

Jumapili wakaja watu kama mia mbili, na mbwa na nyavu na makelele. Mpaka saa tisa walikuwa wamepata sungura tisa, na mwanambuzi mmoja wa jirani kaumwa mguu. Shemeji alisimama pembeni na kofia yake, wanamuuliza hao elfu sita wako wapi. "Wamejificha," anawajibu. Wakaishia uani kwangu kuomba maji.

Ofisi ikajipongeza. Ikaandika kwamba zoezi limefaulu, sungura wamepunguzwa kutoka elfu sita hadi kuwa adimu, kwa siku moja. Na kwa kuwa sasa ni adimu, uwindaji ukafungwa miaka mitatu.

Kutega hategi tena, kuhesabu wamemwachia. Wiki iliyofuata alizunguka vigingi vyote ishirini, akapeleka sifuri. Fomu ikarudi na maandishi mekundu: sifuri haipendezi, hesabu upya.

Akaiweka mezani kwangu.

"Mbuzi wa jirani wapo," nikamwambia. "Wamekula vizuri leo."

Hakucheka. Akachukua kalamu, akaandika sifuri kwenye mstari wa kila kigingi, moja baada ya nyingine, zote ishirini, na ya mwisho aliikandamiza mpaka karatasi ikatoboka. Akaikunja fomu, akaipeleka mwenyewe kwa miguu. Mpaka leo hawajamjibu.