Mluzi wa Fundi Saa

Kila asubuhi, kabla ya kunawa uso, Shangazi Nota alibonyeza kitufe kimoja cha piano, akasikiliza mpaka sauti ife, ndipo akaenda kuchemsha chai. "Naiamkia," alisema. Mtaa mzima ulishamzoea.

Mchana alifundisha watoto piano. Nyimbo zake alizitunga jikoni kwa penseli, mama yake akichambua maharage pembeni. Mwaka ule alikuwa na wimbo mmoja tu wa onyesho, wa kumlilia kaka yake.

Kaka mtu alikuwa fundi saa. Alipeleka saa ya mteja mtaa wa wenye nazo. Walinzi wa getini wakaitazama ngozi yake, wakaamua mtu wa rangi ile hawezi kuwa na saa ile. Walimpiga mpaka akafa. Kesi ikazimika kama kibatari, na walinzi wakarudi getini kwao.

Enzi za uhai wake hakubisha hodi nyumbani. Alipiga mluzi wa sauti tatu, ya mwisho ikipanda, na mama yake akavuta komeo. Shangazi akazitia sauti zile tatu kwenye piano, pale mwimbaji anaponyamaza.

Siku ya kwanza Shangazi alipoupiga wimbo ule, mama yake, bibi kizee, aliweka ungo chini, akafuta mikono, akaenda kuvuta komeo. Akasimama akitazama nje.

"Mbona hapana mtu?" Kisha akageuka. "Huo mluzi nani kakuruhusu?"

"Mama, ni nota tatu tu."

"Kwako nota. Kwangu mimi ni mtu. Utoe, la sivyo huko kwenye onyesho siji."

Shangazi akazifuta. Wimbo ukapooza kama chai ya jana. Akaandika tena. Akafuta tena, mpaka karatasi ikatoboka.

"Shoga," alicheka Kengele, rafiki yake mwimbaji, "sasa hapa niimbe tundu?"

"Sijui."

"Hujui nini? Urudishe mluzi! Watu watalia."

"Ndicho nisichokijua. Wakishalia, halafu?"

Jioni ile Shangazi alimwambia mama yake, "Nimeutoa." Na kweli aliamini ameutoa.

Siku ya onyesho bibi kizee alikaa kiti cha mbele, kitambaa kipya kichwani. Kengele aliimba, akafika kwenye tundu, akanyamaza. Vidole vya Shangazi vikapiga sauti tatu, ya mwisho ikipanda. Aliviangalia kama vya mtu mwingine.

Mama yake akainuka. Akapita mbele za watu mpaka mlango wa pembeni, akawa anapapasa, akitafuta komeo ambalo halikuwepo. Watu wakadhani ndivyo wimbo ulivyotungwa. Wakasimama wote, makofi, machozi. "Tena! Tena!"

"Tuurudie," Kengele alinong'ona, analia naye. "Wanautaka."

Shangazi alitazama vitufe, akatazama mlango. Walikuwa wakimpigia nani makofi? Kaka yake? Yeye? Au kikongwe anayepapasa ubao? Alijaribu kukasirika, hasira haikuja, kulia, wapi.

Akashuka jukwaani. Akasukuma mlango, ukafunguka.

"Nenda kamwangalie kaka yako huko nje, mwanangu," mama yake alisema.

"Twende wote, Mama."

Wakatoka. Koti la Shangazi lilibaki kwenye kiti cha piano, na watu wakaendelea kupiga makofi wakimngoja, mpaka viganja vikachoka.